Ramani ya ukutani ya mito ya pamoja Afrika: inunueni, ila jedwali la Nile lirekebisheni kwa kalamu

Nyota nne kwa tano. Ingekuwa tano kamili kama si lile jedwali la pembeni upande wa kulia, ntalifikia, mana hilo ndo lililonifanya nikae niandike yote haya.

Naizungumzia ile ramani kubwa ya ukutani ya mito ya Afrika inayopita nchi zaidi ya moja, ya Kiswahili, inayouzwa pamoja na kijitabu chembamba cha mwalimu. Mimi nasomesha jografia skuli ya sekondari hapa Chake Chake, ramani nimeinunua steshenari moja ya Darajani nilipokwenda Unguja, ya plastiki elfu thelathini na tano, ya karatasi elfu kumi na nane. Chukueni ya plastiki tu. Kwa unyevu wetu huu wa Pemba ya karatasi ikifika masika inajikunja pembe na kutoka madoa, mwenzangu wa skuli ya pili alichukua ya karatasi na sasa bonde la Kongo na la Zambezi kwake hayatofautishiki rangi. Ya plastiki unaifuta kwa kitambaa kilichorowa inarudi kama mpya, alafu unaweza kuiandikia kwa kalamu ya ubao ukafuta, na hilo la kuandikia mtaona huko mbele lina kazi gani.

Kwanza sifa zake mana ni nyingi. Ramani tulizozizoea maskulini rangi ni ya nchi, hii njano ile kijani, na mto ni uzi wa buluu umepita juu yake basi. Hawa wamegeuza, rangi ni ya bonde, yani eneo lote ambalo maji yake yanaingia mto mmoja. Bonde la Nile lote rangi moja, kutoka vilima vya Burundi na Rwanda mpaka Iskandaria, na mipaka ya nchi wameifanya mstari mwembamba wa kijivu. Mtoto akisimama mbele ya ramani hii anachokiona mwanzo ni kuwa nchi 11 zimo ndani ya rangi moja, na kwamba Tanzania yenyewe ni vipande vipande: kona ya Mwanza na Bukoba iko pamoja na Misri, Kigoma iko na Kongo, Kyela na Ludewa ziko na Zambezi kwa njia ya ziwa Nyasa, na kule chini kabisa Ruvuma tuko na Msumbiji. Darasani kwangu walikaa kimya kidogo alafu maswali yakaanza kumwagika, na mwalimu yeyote anajua kupata maswali kabla hujasomesha kitu ni jambo adimu.

Pili, unene wa mstari wa mto umechorwa kwa kadiri ya maji yanayopita. Hili limenifurahisha kupita kiasi. Watoto wetu wote wanajua Nile inaanza ziwa Victoria, ndo tulivyowasomesha, kwa hiyo wanadhani maji ya Misri yanatoka kwetu. Sasa wakifuata mstari kwa kidole wanaona ule wa ziwa Victoria unapita Uganda unaingia kwenye vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini na ukitoka umekonda, karibu nusu ya maji yamekwenda hewani, alafu Khartoum ndo unaingia mstari mnene kutoka kulia, Nile ya Buluu, wa Ethiopia. Kama asilimia 85 ya maji yanayofika Aswan huko Misri yanatoka milima ya Ethiopia, ukihesabu Nile ya Buluu, Sobat na Atbara pamoja. Bila ya kulijua hilo hakuna mjadala wa haki wa maana, utabaki na hamaki tu.

Watu washaniuliza, tena watu wazima wa hapa hapa, sisi Pemba na Unguja hatuna mto tunaogombania na mtu, vijito vyetu vinaanza hapa vinamalizikia hapa baharini, sasa kuwashughulisha watoto na ugomvi wa Misri na Ethiopia ya nini? Nawajibu hivi. Umeme tunaouwasha Pemba tangu 2010 unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, yani ni gridi ya taifa, na gridi hiyo inalishwa na mabwawa yakiwemo ya mto Pangani, na bonde la Pangani lina kipande chake Kenya, ziwa Jipe na ziwa Chala tumegawana nao. Taa inayowaka Wete ina neno na mvua ya Taveta.

Na kuna kubwa kuliko hilo. Mkataba wa Heligoland wa tarehe 1 Julai 1890 kila Mzanzibari aliyepita skuli ameusikia, tunausoma kama mkataba uliowapa Waingereza himaya juu ya Unguja na Pemba, Mjerumani akapewa kisiwa chake cha Heligoland kule bahari ya Kaskazini, basi tunafunga daftari. Ila karatasi ile ile ndo iliyochora mito. Mpaka wa kaskazini ukaanzia mdomo wa mto Umba, ukaenda ziwa Jipe, ukavuka mto Lumi. Wa kusini ukafuata Ruvuma, kisha ukazunguka na ufukwe wa ziwa Nyasa mpaka mdomo wa Songwe. Serikali mbili za Ulaya zimetia saini, na hapana hata mmoja mwenye kunywa maji ya mito ile aliyeulizwa. Kwa hiyo mtoto wa Chake Chake asiambiwe hii si habari yake, siku ilokatwa Pemba ndo siku ilokatwa Nyasa, kwa wino mmoja.

Ramani imelijua hili na imelifanyia kazi nzuri sana. Pembeni ya kila mpaka unaofuata mto au ziwa wameandika mwaka uliowekwa, kwa herufi ndogo mno, inabidi usogee. Ukisogeza uso pale ufukwe wa mashariki wa Nyasa unaona 1890, na katikati ya ziwa kuna mstari wa pili wa nukta nukta. Hawakuchagua, wamechora yote mawili na wameandika ni madai ya nani. Malawi inashikilia ufukwe, na inaegemea azimio la wakuu wa Afrika la Cairo 1964 kwamba mipaka tuliyoikuta tusiiguse. Tanzania inasema mpaka upite kati ya maji kama ilivyo kawaida ya maziwa na mito inayotenganisha nchi, na kwenye ziwa hilo hilo Malawi na Msumbiji wamegawana kati tangu makubaliano ya Muingereza na Mreno ya 1954. Marais wastaafu wakiongozwa na Chissano wa Msumbiji wameshapewa kazi ya kusuluhisha, na mpaka leo mwisho wake haujafika. Msimamo wangu naueleza darasani bila kuficha: mtu wa Lituhi au Mbamba Bay anayeshuka ufukweni na ndoo yake, mababu zake walishuka hapo hapo, huwezi ukamwambia akitia mguu kwenye maji amevuka nchi. Karatasi inaweza ikawa halali na bado ikawa dhulma. Na Songwe nayo, mto unaohama njia kila mafuriko makubwa na mpaka unahama nao, mkulima analala na shamba lake Tanzania anaamka liko ng'ambo. Hapo angalau nchi mbili zimekaa zikaunda kamisheni ya pamoja ya bonde, na ramani imeitaja.

Sasa nije kwenye matumizi mana ramani hainunuliwi kwa kutundikwa tu. Zoezi nililolifanya ni hili, na wasomeshaji wenzangu nawaomba mulijaribu. Kwa kalamu ya ubao nimewaambia wanafunzi wa fomu tuu, yani kidato cha pili, waandike J kwenye kila mto ambao Tanzania iko juu, kule maji yanakotoka, na C pale ambapo iko chini, kule yanakoelekea. Nile kwa upande wa ziwa Victoria, J. Kagera, C, mana unatoka Rwanda na Burundi kabla ya kufika kwetu. Mara, C, unaanza msitu wa Mau huko Kenya, unapita Maasai Mara, unaingia Serengeti alafu ziwani karibu na Musoma, na kiangazi kikikaza ndo mto ambao wanyama wa Serengeti wanautegemea. Umba, J.

Hapo kwenye Umba nisimame, mana ramani haina Umba! Nimetafuta kwa miwani. Mto unatoka Usambara huku Tanzania unamwaga bahari kwenye Vanga Kenya, mbele yetu kabisa, wavuvi wetu wa magharibi ya Pemba wanakwenda dago, yani kambi za uvuvi, Vanga na Shimoni miaka na miaka, kuna ndugu zetu chungu nzima wamekaa huko na mwaka 2023 serikali ya Kenya imewatambua Wapemba kuwa ni moja katika makabila ya nchi ile. Maji yakipungua Umba mikoko ya Vanga inaona, na mikoko ikiona samaki wanaona. Bonde ni dogo najua, lakini ramani ya Kiswahili inayouzwa pwani ya Waswahili ikiuacha Umba imeacha mto wa watu wake. Nimeuchora kwa mkono, kwa wino usiofutika.

Basi, baada ya J na C nikawagawa makundi, kila kundi liandike sharti moja ambalo Tanzania ingeitaka Kenya ilifuate kwenye mto Mara. Kundi la kwanza likaandika kwa herufi kubwa: Kenya isijenge bwawa lolote mpaka Tanzania ikubali. Wakapigiwa makofi. Nikawaambia vizuri, sasa andikeni sentensi hiyo hiyo kwenye Umba. Ikawa Tanzania isijenge chochote mpaka Kenya ikubali. Wakaanza kutazamana. Nikawaambia haya ipelekeni ziwa Victoria. Ikawa Tanzania isiguse maji ya ziwa mpaka Misri ikubali. Msichana mmoja wa nyuma akasimama akasema, "Mwalimu, hii si ndo ile ya mkoloni?" Ndo yenyewe. Barua walizopeana Uingereza na Misri mwaka 1929 zilisema hivyo hivyo, kwamba katika nchi zilizo chini ya Muingereza, Sudan, Kenya, Uganda na Tanganyika, hakuna kazi ya umwagiliaji wala ya umeme itakayofanywa kwenye Nile au matawi yake au maziwa yake ikapunguza maji ya Misri, bila ya Misri kukubali kwanza. Watoto wamelitunga upya sharti la 1929 kwa mikono yao, kwa sababu safari hii wao ndo walikuwa chini ya mto.

Wakarudi kuandika tena na walichokuja nacho mara ya pili ni kizito zaidi: Kenya iseme mapema, itoe takwimu zake, isikilize, na isitudhuru kwa kiasi kikubwa. Kila kundi kwa maneno yake lakini shabaha ni ile ile, na sentensi hiyo ukiipeleka Umba unaweza kuikubali, ukiipeleka Victoria unaweza kuikubali pia. Kwa mimi hicho ndo kipimo cha haki ya mto, uweze kukaa nacho ukiwa juu na uweze kukaa nacho ukiwa chini, na Tanzania yetu kwa bahati iko pande zote.

Kijitabu sasa. Kimeandikwa na mtu anayeijua kazi yake, ingawa fonti ni ndogo na kurasa za mwisho za nakala yangu zimeshonwa juu chini. Kisa cha ziwa Lanoux wamekieleza vizuri mno: Ufaransa ilitaka kuchukua maji ya ziwa lile la milima ya Pyrenees iyashushe upande wake kuzalisha umeme, alafu irudishe kiasi kile kile kwenye mto Carol unaoingia Hispania, na Hispania ikasema bila ridhaa yangu hapana. Mwaka 1957 waamuzi wakasema Ufaransa hailazimiki kupata ridhaa, ila inalazimika kushauriana kwa nia njema na kuyapa uzito maslahi ya mwenzake, na madhali maji yanarudi basi hakuna alodhulumiwa. Niliwasomea wanafunzi baada ya lile zoezi na hawakuhitaji maelezo zaidi, washafika wenyewe. Kisha kinakuja mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1997 wa matumizi ya mito ya pamoja yasiyokuwa ya usafiri wa meli, kura 103 za ndio na 3 za hapana, China, Uturuki na Burundi. Tanzania haikupiga kura ya ndio wala hapana, Misri na Ethiopia vile vile, na kijitabu hakikulificha hilo. Ukaanza kufanya kazi 2014. Kiini chake ni matumizi ya usawa na ya busara, na kutomletea mwenzio madhara makubwa, na katika kupima usawa unaangalia mengi kwa pamoja: hali ya mto wenyewe, watu wanaoutegemea, matumizi yaliyopo na yanayokuja, na kama mtu ana njia nyengine ya kupata maji. Mahitaji ya lazima ya binadamu yanapewa uzito wa pekee.

Pale nilipogombana nacho kijitabu ni ukurasa wa nadharia. Wameiweka ile rai ya Harmon, mwanasheria mkuu wa Marekani aliyeandika 1895 kuwa nchi ya juu inafanya itakavyo na maji yaliyo ndani ya mipaka yake, wameiweka sambamba na nadharia nyengine kana kwamba mwanafunzi achague anayoipenda. Sio sawa. Ilibidi waseme hapo hapo kuwa Marekani yenyewe mwaka 1906 ilitia saini mkataba na Mexico ikakubali kuipelekea maji ya Rio Grande kila mwaka. Ukimuachia mtoto wa miaka kumi na sita Harmon peke yake atatoka darasani anaamini mwenye chemchemi ndo mwenye mto.

Haya, jedwali. Liko pembeni kulia, chini ya bahari ya Hindi, limeandikwa MGAWANYO WA MAJI YA NILE. Misri mita za ujazo bilioni 55.5. Sudan bilioni 18.5. Mvuke bilioni 10. Jumla 84. Chini yake kwa herufi ndogo: 1929, 1959. Basi. Hakuna kitu chengine. Kijana mmoja wa fomu tuu, hodari wa hesabu, akajumlisha kwa kidole kwenye plastiki, akajumlisha tena, akauliza, "Mwalimu mbona imeshatimia? Ethiopia iko wapi, na sisi?"

Ndo dhulma yenyewe hiyo, na ramani imeichapisha kama vile ni sheria ya maumbile. Zile namba ni za makubaliano ya Misri na Sudan peke yao, Novemba 1959, nchi mbili za chini zimegawana mto mzima mpaka mvuke wa bwawa la Aswan umetengewa fungu, na nchi yanakotoka maji haikualikwa, na nchi za maziwa zote zilikuwa bado mikononi mwa wakoloni. Kumuonesha mtoto wa Kitanzania jedwali hilo bila ya mstari mmoja wa kuonesha kwamba nchi yake ililikataa ni kumfundisha kuwa maji ya pale Mwanza ni ya watu wengine. Na ilikataa kweli, mapema kabisa. Mwaka 1962 serikali ya Nyerere ilizijulisha Uingereza, Misri na Sudan kwamba Tanganyika huru haifungwi na makubaliano ya 1929, na msimamo ule wa kuipa mikataba ya kikoloni miaka miwili ya kujadiliwa upya, isipojadiliwa inakufa, ndo unaosomeshwa duniani kwa jina la Nyerere. Mwaka 2004 Tanzania ikaanza bomba la maji kutoka ziwa Victoria kwenda Kahama na Shinyanga, Misri ikalalamika, bomba likajengwa na watu wa Shinyanga wanakunywa. Mwaka 1999 mpango wa pamoja wa nchi za bonde la Nile ulizinduliwa wapi? Dar es Salaam. Mkataba mpya wa ushirikiano ukafunguliwa kutiwa saini Entebbe Mei 2010, Tanzania imo katika wanne wa mwanzo pamoja na Ethiopia, Rwanda na Uganda, na baada ya Sudan Kusini kuridhia 2024 ukatimiza nchi sita na ukaanza kufanya kazi tarehe 13 Oktoba 2024. Misri na Sudan zimebaki nje. Kilichowatoa ni ibara moja ya usalama wa maji: Misri ilitaka iandikwe kuwa haki na matumizi yaliyopo sasa yasiguswe, wenzake wakakataa mana kukubali hivyo ni kuurudisha 1959 kwa mlango wa nyuma. Hayo yote hayamo. Nafasi ipo tele, bahari ya Hindi yote ile ni tupu.

Ila nataka niseme na la upande wa pili mana darasa langu lilikwenda kasi, dakika mbili Misri imeshakuwa mwizi. Hapana. Misri ina watu zaidi ya milioni 100, mvua karibu hakuna, na zaidi ya asilimia 90 ya maji yake ni mto huu mmoja. Mkulima wa Delta, kule Nile inakomwagika baharini, hakutia saini chochote 1929, amezaliwa akaukuta mfereji shambani, na ule mfereji ukikauka hana kisima cha kukimbilia wala mvua ya kungojea wakati mtu wa nyanda za juu za Ethiopia mvua inampigia bati. Hiyo ni hoja ya haki na ni nzito, na iko ndani ya ule mkataba wa 1997 kwenye vipimo vya usawa. Kosa ni kuigeuza haja kuwa umiliki. Haja inaheshimiwa na inahesabiwa pamoja na haja za wengine, umiliki unawafungia wengine mlango.

Bwawa la Ethiopia nalo, la Renaissance, ramani inaliandika linajengwa. Limezinduliwa Septemba 9, 2025! Kwa hiyo hapo pia nimefuta nikaandika. Ujenzi ulianza 2011, ujazo mita za ujazo bilioni 74, umeme megawati 5,150, na liko hatua chache tu kutoka mpaka wa Sudan. Nikiwasomesha nawaambia bwawa la umeme halinywi maji kama linavyonywa shamba la umwagiliaji, maji yanapita kwenye mitambo yanaendelea na safari, kinachopotea ni mvuke na kile kinachozuiliwa wakati wa kulijaza. Kwa hiyo ugomvi wa kweli ni lini maji yanaachiwa, kiasi gani, na mwaka wa ukame itakuwaje, na nani anamwambia nani. Sudan ndo inayonisikitisha zaidi hapo, ina bwawa lake la Roseires chini kidogo tu, likiachiwa ghafla au likizuiliwa ghafla bila taarifa mwenye Roseires atafanya nini? Nchi tatu zilitia saini tamko la misingi Khartoum Machi 2015, ila ujazaji wa kwanza mwaka 2020 umeanza bila ya makubaliano ya mwisho ya namna ya kuliendesha. Ethiopia ina haki ya kujenga na sina shaka na hilo, mamilioni ya watu wake wamekaa gizani muda mrefu. Haki hiyo haiifutii jukumu la kumpa jirani takwimu zake kila siku.

Na kuna alama moja kwenye ramani inataka kusifiwa peke yake, nyota ya dhahabu kwenye mabwawa yanayomilikiwa na nchi zaidi ya moja. Manantali iko Mali, lakini ni mali ya pamoja ya Mali, Mauritania na Senegal kupitia shirika lao la mto Senegal la tangu 1972. Rusumo kwenye Kagera, megawati 80, Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana umeme. Watoto walizihesabu zile nyota, ni chache, na wakataka kujua kwa nini Nile haina nyota hata moja kule chini. Nimewaachia kama kazi ya nyumbani.

Namba ya simu ya wachapaji iko chini kushoto, nimewapigia, kijana aliyepokea kanisikiliza kwa adabu akaniomba nimtumie masahihisho kwa Whatsapp, nimemtumia picha ya jedwali langu la mkono: 1929, 1959, 1962, 1999, 2010, 2024, na Umba. Kaniambia toleo hili bado lipo jingi stoo kwa hiyo jipya halitoki karibuni. Basi mukinunua sasa hivi, chukueni kalamu ya wino wa kudumu hapo hapo dukani, nyeusi, ncha nyembamba, na jedwali lisahihisheni kabla hamujaitundika mana ikishakuwa ukutani inataka ngazi. Itundikeni mbali na dirisha, rangi ya bonde la Nile ndo inayopauka mwanzo kwa jua. Na kama kuna mtu yuko Unguja anarudi Pemba wiki hii anichukulie mbili za plastiki, hela ntamtumia kwa simu, kuna walimu wawili wa Wete wanazitaka kabla muhula haujaanza.